Hamisha Watu Kwanza, Programu Utaifuta Baadaye

Fungua Facebook au Instagram kwenye simu yako, kaa chini, upitie machapisho ishirini ya mwanzo bila haraka. Kwa kila moja jiulize: aliyeweka hili namjua? Sisemi kumjua kwa sura ya mtandaoni. Nasema kumjua kiasi kwamba akifiwa utapigiwa simu, nawe utahangaika kutafuta nauli. Kuna tangazo la kamari ya mpira. Kuna mhubiri anayefoka. Kuna wasanii wawili wanaorushiana maneno, na umati chini yao unachochea. Kuna video ya mtu akitumbukia mtaroni katika nchi usiyoweza kuitaja. Halafu, katikati ya msongamano huo, kuna picha ya mtoto wa binamu yako aliyeanza darasa la kwanza wiki tatu zilizopita, amevaa sare iliyomzidi kimo. Ni kwa ajili ya picha kama hiyo ulifungua akaunti miaka ile. Bado zipo, ila zimefukiwa.

Makala haya ni ya mtu aliyechoshwa na hali hiyo lakini hataki kuishi kama asiye na simu. Njia ipo, wala si ngumu, ila ina mpangilio wake. Wengi hushindwa kwa sababu huanzia mwisho: wanafuta programu Jumapili usiku wakiwa na hasira, na ikifika Jumatano wameirudisha, kwa kuwa dada yao aliyeko Muscat, mwalimu wao wa zamani na fundi wa friji wote wanapatikana humohumo. Watu ndio wa kuhamishwa kwanza. Programu haina haraka.

Ni vizuri kujua tulifikaje hapa, maana wengi hujilaumu bure. Facebook ilipoanza haikuwa na mlisho. Ukitaka habari za mtu ulikwenda kwenye ukurasa wake. Septemba 2006 ndipo kampuni ilipoweka mlisho, yaani ukurasa mmoja unaomwaga habari za marafiki wote mahali pamoja. Mwaka huohuo mbunifu Aza Raskin wa Marekani alibuni ukurasa usio na mwisho, ule ambao kadiri unavyoteremka ndivyo unavyojiongeza; baadaye alisema hadharani kwamba anajutia kazi hiyo. Mwaka 2009 kikaja kitufe cha kupenda. Mwaka 2016 Instagram na Twitter zikaanza kuyapanga machapisho kwa kukadiria kipi kitakushika, badala ya kufuata saa yalipowekwa. TikTok ikamalizia: ukurasa wake wa mbele hauhitaji umfahamu hata mtu mmoja.

Nyuma ya mabadiliko hayo kuna hesabu moja. Karibu mapato yote ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, yanatokana na matangazo ya biashara, na tangazo linataka macho yako yabaki pale dakika moja zaidi. Kinachobakiza macho si lazima kiwe chema. Nyaraka za ndani zilizotolewa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, zilionyesha kwamba kuanzia 2017 Facebook ilizipa alama za nyuso, ule uso wa hasira ukiwemo, uzito mara tano ya kitufe cha kupenda katika kuamua chapisho lipi lisambae. Ugomvi ukapewa mbio, mtoto wa binamu akaachwa nyuma. Kwa hiyo ukikuta umepoteza saa nzima kitandani ukiperuzi, usijiite mvivu. Wapo wahandisi wanaolipwa vizuri kuhakikisha hutoki. Ushauri wa "jizuie tu" haufiki mbali kwa sababu hiyo. Kinachosaidia ni kuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Mwaka 2014 Facebook ilileta mpango wake wa intaneti ya bure kwa kushirikiana na kampuni za simu, ukaanzia Zambia kisha ukaja Tanzania na Kenya. Mtu aliweza kuingia Facebook na tovuti chache zilizochaguliwa bila kukatwa bando. Kampuni za simu nazo zikauza bando za mitandao ya kijamii peke yake kwa bei nafuu. Watu wengi sana waliijua intaneti kwa njia hiyo, na ukimwambia mmoja wao kwamba kuna mengi nje ya Facebook na WhatsApp, anakuona unamwongezea gharama.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na kitu kingine, na kilikuwa chetu. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu ya Kiswahili iliyoitwa Jikomboe. Mpigapicha Issa Michuzi alianza yake mwaka 2005, ikawa mahali ambapo Watanzania walioko ughaibuni walipita kuona picha za nyumbani. Kenya ilikuwa na Ory Okolloh wa Kenyan Pundit, Juliana Rotich wa Afromusing, na Erik Hersman wa White African. Walikuwa wakisomana na kujibizana. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba mtu wa kutengeneza ramani ya matukio, na hao waliokuwa wakisomana, pamoja na David Kobia, wakaijenga ramani hiyo, wakaiita Ushahidi, ndani ya siku chache Januari 2008. Kila ninapoambiwa kwamba bila mlisho mkubwa watu hawawezi kukutana, nawakumbuka hao. Walikuwa wachache, ila kila mmoja alijua wa kumwandikia.

Sasa kazi yenyewe. Chukua daftari, la karatasi, maana hili halitakiwi kupotea simu ikiibiwa. Andika majina ya watu ambao ukiwakosa utaumia. Wenye marafiki elfu tatu Facebook nao watakuta orodha hii inakaa kwenye kurasa mbili. Mbele ya kila jina weka namba ya simu, barua pepe, mahali anapoishi, na jina la mtu wa karibu naye ambaye utampata yeye asipopatikana. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo linalookoa. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, na WhatsApp ya mhusika huenda nayo. Barua pepe haiendi na laini.

Wala si laini tu inayoweza kukatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, zote tatu kwa mpigo, kwa kuwa mwenyewe ni mmoja. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Tanzania ilifungia X, zamani Twitter, Mei 2025. Mbali ya kampuni na serikali kuna mwizi wa nenosiri, ambaye akiingia kwenye akaunti yako anaanza kuwaomba ndugu zako hela. Hatuna uwezo wa kupanga hayo yatokee lini. Tunachoweza ni kuhakikisha watu wetu wana zaidi ya njia moja ya kutufikia.

Anwani ambazo huna utaziomba, na wakubwa kwa umri hawapendi kuombwa barua pepe bila maelezo. Wanadhani ni utapeli, na wana haki ya kudhani hivyo. Mwandikie kila mmoja kwa namna anavyokujua. Kwa shangazi ujumbe unaweza kwenda hivi:

"Shikamoo shangazi. Natumaini mmeamka salama na magoti yanaendelea vizuri. Mimi napunguza kukaa Facebook, ila sitaki tupotezane. Naomba barua pepe yako, au ya mjukuu anayekusaidia simu, niwe nawaandikia habari za huku na kuwatumia picha za watoto. Nitakupigia Jumamosi jioni ili usikie sauti yangu, ujue ni mimi kweli."

Sentensi ya mwisho usiiache, na Jumamosi ikifika piga kweli. Kwa uliosoma nao mstari mmoja unatosha.

Ukishapata anwani, zitumie. Hapa ndipo mambo mengi yanapofia: mtu anakusanya anwani zote, anazifungia, na baada ya miezi sita yeye na jamaa zake hawana hata mlisho uliokuwa ukiwakutanisha kwa bahati. Wanaozikumbuka kadi za salamu za redioni wataelewa ninachotaka kupendekeza. Ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako na mahali ulipo, ukayapanga majina ya unaowasalimu mmoja mmoja, ukamalizia na ujumbe mfupi na wimbo unaouomba. Mtangazaji akasoma. Nchi nzima ilisikia, lakini salamu ilikuwa na wenyewe, aliyetajwa alijua ametajwa, na jirani akipita asubuhi alimwambia, "Jana umesalimiwa." Mlisho ulituondolea hilo. Tunaweka picha mbele ya kila mtu, hatumtaji yeyote, kisha tunangoja tuone nani atabonyeza.

Waandikie watu wako barua mara moja kwa mwezi. Iwe fupi, isomwe kabla chai haijapoa. Andika kilichotokea: nani amezaa, nani amehamishwa kikazi, mvua imefanya nini shambani. Andika kitu kimoja ulichokisoma au kukisikia ukakifikiria. Halafu watajwe watu kwa majina, kila mwezi wachache: "Kaka, ule mche wa parachichi ulionipa sasa umenifika kiunoni, niupogoe au niuache?" Swali la namna hiyo huleta jibu, na jibu ndilo linaloifanya barua iendelee kuishi. Picha ziwe mbili tu, zilizopunguzwa ukubwa, kwa kuwaonea huruma wanaosoma kwa bando la siku. Anwani zote ziweke kwenye sehemu ya Bcc ili kila mpokeaji aone ya kwake peke yake. Si kila mtu katika ukoo anataka barua pepe yake ijulikane na wote.

Wasio na barua pepe, na watakuwa wengi, wapelekee maandishi hayohayo kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp. Hiyo ni tofauti na gurupu: ujumbe unamfikia kila mtu kama umemwandikia yeye, na akijibu jibu linakuja kwako tu. Ina sharti moja ambalo wengi hawalijui. Ujumbe haumfiki mtu ambaye hajaihifadhi namba yako kwenye simu yake. Ukiona fulani kimya kila mwezi, kabla hujakasirika mpigie umwulize kama namba yako anayo.

Na anayejibu, mjibu. Kama huna muda wa kumjibu kwa kirefu, mjibu kwa sentensi mbili, lakini usimwache wiki nzima. Nalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika makala haya. Mtandao wa watu hauna mashine ya kuusukuma. Ukiacha kujibu, umesimama.

WhatsApp nayo ni ya Meta, iliyoinunua mwaka 2014, kwa hiyo wapo wanaoihama na kwenda Signal. Ni uamuzi mzuri kwa aliye tayari, ila nisingekushauri uanze nao. Mazungumzo ya WhatsApp hayapangwi na algoridhimu. Aliyeandika karibuni ndiye anakaa juu. Kinachochosha ni magurupu, na ukurasa wa stetasi ambako tangu 2023 zimewekwa chaneli, yaani mlisho umeingia kwa mlango wa nyuma. Chaneli usizifuate. Magurupu yanataka busara zaidi, kwa sababu kwetu kujitoa kwenye gurupu la ukoo kunasomeka kama kugoma kwenda msibani. Usijitoe. Nyamazisha sauti, zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, ambao ndio unaomaliza bando na nafasi ya simu, kisha mwandikie admini faragha: "Nimenyamazisha gurupu kwa ajili ya kazi. Kukiwa na ugonjwa, msiba au mchango, naomba unipigie." Admini mwenye heshima ataelewa. Gurupu la kamati ya harusi iliyopita mwaka juzi, ambalo limebaki kuwa uwanja wa kusambaza dua za kutishia na dawa za kisukari, ondoka bila kuaga.

Upande wa kusoma ndio unaonifurahisha zaidi, kwa sababu chombo kizuri kipo, ni cha bure, na watu wachache wanakijua. Kinaitwa RSS, na kimekuwepo tangu 1999. Tovuti yenye RSS hutoa faili dogo linaloorodhesha maandiko yake mapya. Programu ya kusomea iliyo kwenye simu yako hupita kwenye tovuti ulizozichagua, hukusanya mapya, na kukupangia kwa tarehe. Hakuna anayepenyeza kitu ambacho hukukiomba. Na ukifika chini umefika chini, hakuna kinachojiongeza. Google ilikuwa na programu maarufu ya kazi hii, Google Reader, iliyoifunga Julai 2013, na wengi wakadhani RSS imekufa. Haikufa. Karibu podikasti zote unazozisikia husambazwa kwa njia hiyohiyo.

Kwenye simu ya Android pakua Feeder, ambayo haitaki hata ufungue akaunti. Kwenye iPhone kuna NetNewsWire. Anayependa kusoma kwenye kompyuta atumie Feedly au Inoreader kwa kivinjari. Kisha bandika anwani ya tovuti unayoipenda. Mara nyingi programu itaipata RSS yenyewe. Ikishindwa, kwa blogu ya WordPress ongeza /feed mwishoni mwa anwani, na kwa blogu ya Blogspot ongeza /feeds/posts/default. Hapo umemaliza ufundi wote.

Kosa la kawaida ni kuanza na magazeti. Mtu anaweka BBC Swahili, DW Kiswahili na magazeti manne ya nyumbani, kesho yake anakuta vichwa vya habari mia mbili, anahisi yuko palepale alipotoka. Anza na watu binafsi wanaoandika mara chache: daktari anayeandika kuhusu lishe, mtafiti wa historia ya pwani, mkulima, mwalimu wako wa zamani. Kumi wanatosha. Chombo cha habari kiwe kimoja, na ukisome saa moja maalumu, kama wazee wetu walivyongoja taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mwezi ukiisha, mtoe yeyote ambaye maandishi yake unayaruka kila mara. Hatajua, wala hataumia.

YouTube nayo inadhibitika. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako, zima historia ya unachotazama na uifute iliyopo; ukurasa wa mbele utabaki mtupu, hauna la kukupendekezea. Baada ya hapo unakwenda mwenyewe kwenye chaneli ulizojiandikisha, au unabandika anwani ya chaneli kwenye programu yako ya RSS. Kwa podikasti kuna AntennaPod, ya bure pia. Pakua vipindi ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini au ya jirani mwema, usikilize kwenye daladala bila kugusa bando.

Bando lenyewe ni hoja nzito. Maandishi ya makala haya yote ni takriban kilobaiti ishirini. Video ya dakika moja hula megabaiti kadhaa, na mlisho hukuchezea video hata ambazo hukuzibonyeza. Anayesoma zaidi ya anavyotazama ataona tofauti kabla mwezi haujaisha.

Kuna pia mitandao kama Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, isiyo na matangazo na inayopanga machapisho kwa saa. Ni kazi njema. Lakini watu wako hawako huko, na lengo letu ni watu wako, kwa hiyo naiacha.

Ukishaandika barua kadhaa unaweza kugundua kwamba baadhi ya mambo uliyoyaeleza yangewafaa na wengine. Hapo ndipo ukurasa wako mwenyewe unapokuja. Blogspot na WordPress zinakupa ukurasa bila malipo. Mwenye uwezo wa kulipia kila mwaka anunue na anwani yake: Tanzania kuna inayoishia na .me.tz, Kenya .me.ke, zote zimetengwa kwa ajili ya watu binafsi. Faida ya kumiliki anwani ni kwamba ukichoshwa na kampuni inayokutunzia ukurasa, unahamia kwingine na anwani inabaki ileile, wasomaji hawapotei.

Kwa Tanzania kuna la kutazama kwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka wenye blogu wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Blogu nyingi zilizima wakati huo, na ni hasara ambayo bado inaniuma, kwa sababu zilizozima nyingi zilikuwa za watu wa kawaida wanaoandika kuhusu miji yao. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2020 na tena 2022. Kabla hujafungua ukurasa wa hadharani, hasa wenye habari na siasa, soma kanuni zinazotumika sasa, au ulizia ofisi ya TCRA ya kanda yako. Barua kwa jamaa zako ni mawasiliano yako binafsi, nayo inaweza kubeba mengi.

Uandike nini? Unachokijua kwa mikono yako. Jaribu kutafuta Google, kwa Kiswahili, jinsi ya kutengeneza cherehani inayoruka mishono. Jaribu namna ya kutunza mbegu za mchicha kutoka msimu mmoja hadi mwingine, au historia ya kata yako, au taratibu za kufuatilia mirathi mahakama ya mwanzo zilivyo hasa, dirisha kwa dirisha. Utakutana na video za kelele na maandishi mepesi yaliyonakiliwa kutoka pengine. Fundi mmoja wa Tabora akiandika kurasa nne kuhusu cherehani zilizopita mikononi mwake, kurasa hizo zitasomwa miaka kumi ijayo. Akiyasema hayohayo kwenye mlisho, kesho kutwa yamezama na hata yeye hawezi kuyapata. Kiswahili kina wazungumzaji wengi na maandishi machache ya namna hii mtandaoni, na kila anayemwaga maarifa yake kwenye mlisho anayapeleka mahali yasikodumu. Jambo hili linanisumbua kila ninapotafuta kitu cha kawaida nikakikosa.

Wanaouza bidhaa wataniambia Instagram ndiyo duka lao. Sawa, lisifungwe. Tuseme unauza batiki. Ibakize akaunti kama kibao cha barabarani kinachowaelekeza watu dukani. Kila mteja anayenunua, mwombe ruhusa ya kuhifadhi namba yake, umwombe naye ahifadhi yako, umwingize kwenye orodha ya matangazo, na mzigo mpya ukifika umpelekee picha tatu. Ingia Instagram kwa kivinjari saa ulizojiwekea, jibu maswali, weka picha, toka. Mteja uliye na namba yake ni wako. Mfuasi unayemfikia algoridhimu ikipenda bado ni wa kampuni.

Kabla ya kupunguza chochote, chota vya kwako. Facebook na Instagram zote zina sehemu kwenye mipangilio inayokuruhusu kupakua taarifa zako: picha, machapisho, ujumbe. Huchukua saa kadhaa kuandaliwa na faili linaweza kuwa kubwa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi. Usiahirishe. Mwaka 2019 MySpace ilitangaza kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa huko kabla ya 2016 zimepotea katika kuhamisha mitambo, na waliozitegemea hawakuwa na nakala. Ukitumiwa picha za familia kwa WhatsApp, omba zitumwe kama faili, la sivyo zinafika zimekamuliwa na hazitafaa kuchapishwa. Za muhimu zaidi chapisha. Picha ya karatasi iliyo kwenye albamu ya mama haihitaji nenosiri.

Vipo utakavyokosa. Utakuwa wa mwisho kuujua utani ambao ofisi nzima inaucheka. Watu wa mbali kidogo, wale wa "niliwahi kufanya naye kazi Mwanza", watafifia, na baadhi yao walikuwa watu wazuri. Siku za kuzaliwa zitakupita usipoziandika kwenye daftari. Misiba haitakupita, misiba kwetu bado inasafiri kwa simu na kwa miguu. Siku za mwanzo kidole kitaenda chenyewe mahali programu ilipokuwa, kwa hiyo pale pale ilipokuwa weka programu yako ya kusomea. Kikienda, kitakutana na maandishi ya mtu uliyemchagua.

Miezi miwili mitatu ikishapita, watu wako wakiwa wanakuandikia na wewe unawaandikia, ndipo uifute programu kwenye simu. Akaunti usiifute mara moja, maana watu watakutafuta kwa jina, na wasipokukuta watamkuta tapeli aliyeweka picha yako. Ibadilishie nenosiri, weka ulinzi wa hatua mbili, zima arifa zote, na bandika chapisho moja juu kabisa ya ukurasa. Liandike kwa Kiswahili chepesi: kwamba hukai tena hapa, barua pepe yako ni hii, unapita kuangalia ujumbe kila Jumamosi, na kwamba yeyote atakayeombwa hela kwa jina lako akupigie simu kwanza.